Wakwe Wawili, Mito Mgongoni

Jumanne, 17 Septemba 2024. Anderlecht.

Myriam ametuletea zawadi. "Zawadi" ni neno lake. Mimi naiita hukumu.

Ngoja nieleze, ingawa shajara hii haisomi mtu mwingine. Binti yangu anaolewa Desemba. Mchumba ni Noé, kijana mzuri, hana kasoro isipokuwa baba yake. Baba yake ni Papa Banza, mtu wa Likasi. Siku ya kujitambulisha, hapa hapa sebuleni kwangu, kabla samaki hawajafika mezani, niliuliza kwa upole tu nani atatoa neno la wazazi siku ya harusi. Neno ni moja, ukumbi hauna muda wa mawili. Nikasema bila shaka ni mimi. Mimi ni mtu wa Bukavu, halafu nimeishi ukimbizini Kigoma, Kiswahili changu kina mifupa. Papa Banza akasema kwao anayesema ni baba wa mume. Nikasema kwao Kiswahili hawakisemi, wanakikanyaga.

Basi. Samaki walipoa. Myriam alilia. Noé alimshika baba yake mkono, akamtoa nje kama mgonjwa.

Leo wamekuja wote wawili, wameshikana, na hukumu yao. Wametulipia siku nne za kutembea kwa miguu. Mimi na Banza. Peke yetu! Bila kiongozi, ramani tu na vyumba vya kulala njiani, katika nchi ya mizabibu na miji ya kale ya vilimani. Tukirudi tunasemeshana, harusi ipo. Tukirudi tumenuniana, wao wataandikishwa ndoa komini, kwenye ofisi ya mtaa, mbele ya mashahidi, na sisi tutaona picha kwenye simu kama watu baki.

Niliposikia mizabibu nikajua Italia. Nikaenda kutafuta pasipoti. Noé akasema hapana, papa, ni Hageland, ukishapita Leuven. Miaka yote hii niko Ubelgiji! Nimeona mvua, chipsi na migomo ya treni. Zabibu nimeziona dukani tu.

Bon. Nina mpango. Mtu wa Bukavu amezaliwa mlimani, alijifunza kupanda kabla ya kutambaa. Siku ya tatu Banza atakuwa hoi. Mtu aliye hoi hukubali lolote. Hapo ndipo nitakapoliomba neno.

Halafu kuna suala la mkoba. Wangu uwe mkubwa kuliko wake. Mkubwa wa kutisha! Nipande nao nikipiga mluzi, yeye aone, avunjike moyo mapema. Nimeujaza tayari: mashati, mswaki, na mito yote ya kitandani kwetu. Mito ya manyoya. Unaonekana kama jiwe la msingi, lakini ni mwepesi kama hewa. Nimejitazama kwenye kioo.

Nimetisha.

Alhamisi, 19 Septemba. Wezemaal.

Tulikutana Gare Centrale, stesheni ya treni. Mkoba wa Banza ni mkuukuu, wa kawaida, ila unalia kengele kila anapopiga hatua. Sijui ana nini ndani. Aliutazama wangu kutoka chini hadi juu, akauliza kama ninahama. Nikamjibu kwamba mtu wa mlimani hubeba nyumba yake. Nikauinua kwa mkono mmoja. Akakaza mikanda ya wake. Ushindi wa kwanza, na treni bado haijaondoka.

Ndani ya treni hatukusema kitu mpaka Leuven. Baada ya Leuven alisema kuna ukungu. Nikakubali kuna ukungu. Nadhani hayo ndiyo mazungumzo.

Lakini kilima! Lazima niandike hili vizuri. Tulipanda kijia cha mchanga katikati ya miti, sioni mbele, nimeshughulika na mluzi wangu. Ghafla miti ikaisha. Mbele yetu ukuta wa mawe ya rangi ya kutu, mrefu sana, umekatiza ubavu wa kilima, na watu wanasema ulijengwa zamani kuikinga mizabibu na upepo. Na hiyo mizabibu yenyewe! Mistari na mistari, imechanwa kama nywele za mtoto siku ya Pasaka. Zabibu nyeusi, zimepakwa vumbi la buluu ambalo si vumbi. Chini, ukungu umelijaza bonde lote, na ncha ya mnara wa kanisa imechomoza humo peke yake.

Mluzi uliniishia mdomoni. Nilitaka kusema jambo, sikulipata. Mimi! Lucienne, mke wangu, hataamini kwamba nilikosa la kusema.

Banza alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Tulisimama pale muda, wazee wawili wa Kikongo, mmoja na kofia mkononi, mmoja na kitanda chake mgongoni, wala hakuna aliyekumbuka kugombana.

Kisha nikakumbuka.

Alasiri tulionja divai kwa bibi mmoja wa Kiflandri mwenye shamba. Mkono wake mgumu, macho ya furaha, Kifaransa chake cha polepole. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu Jumanne nimesikiliza video za wajuzi. Nikaizungusha glasi. Nikainusa, pua yote ndani. Nikasema ninapata moshi, ngozi ya kiatu kipya, matunda ya porini, na mwishoni huzuni kidogo. Nikasema hii ni divai ya hasira, imekaa gizani muda mrefu. Nikamwambia Banza anywe kwa adabu, kwani ina nguvu, mimi mwenyewe tayari kichwa kinazunguka. Nikakaa kitako kwa usalama.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima kubwa. Ndipo akasema kwamba yangu ni juisi. Aliikamua jana. Binti yangu alimweleza kwamba papa hanywi pombe.

Banza hakucheka. Aligeuka akatazama mizabibu kwa muda mrefu sana, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Ijumaa, 20 Septemba. Aarschot.

Siku mbaya. Siku nzuri. Sijui niiiteje.

Njia za huku zina vibao vya namba. Unatoka namba hii unaifuata ile, hakuna haja ya kuuliza mtu. Asubuhi nilifanya jambo la akili: niliandika namba zote kiganjani kwa kalamu, ramani nikaificha chini kabisa ya mkoba. Banza akiuliza njia, ninafumba macho kidogo, ninakohoa kwa kuficha mdomo, ninataja namba. Aseme mwenyewe: huyu mtu ana kipaji.

Ilifaulu vizuri hadi jasho lilipoanza. Kiganja kikaloa, namba zikayeyuka zote isipokuwa moja. Tukafika njia panda. Nikakohoa. Nikaisoma: tisini na nane. Kibao cha tisini na nane kilikuwepo, kinaelekeza kushoto, chini bondeni. Nikatangaza kushoto. Banza akasema yeye anaona vilima viko kulia. Nikamuuliza nani kati yetu ni mtu wa vilima.

Tulitembea. Njia ikawa nyembamba, ikawa majani, ikawa tope, ikawa ng'ombe. Ng'ombe wengi, wakubwa, wote wametugeukia kwa pamoja kama kwaya inayosubiri ishara. Nilipokitazama kiganja tena, mkono umening'inia chini, namba ilikuwa themanini na sita. Kule njia panda nilikuwa nimeisoma juu chini.

Sikumwambia Banza. Nilimwambia nimechagua njia ya mandhari.

Ndipo mvua. Mvua ya Ubelgiji tunayoijua sote ni ya kunyunyiza. Hii haikunyunyiza, ilimwaga! Na hapo nikagundua jambo ambalo mwenye akili angeligundua nyumbani: manyoya hunywa maji. Mkoba wangu ulianza kunywa. Ulikunywa kama ngamia. Kila hatua ukazidi kuwa mzito, ukanivuta nyuma, maji yakanishuka mgongoni hadi kwenye soksi. Nikajaribu kupiga mluzi. Ikatoka sauti ya birika.

Katikati ya hayo simu ikalia. Lucienne. Ametoka zamu, anataka kulala, anauliza mito iko wapi. Banza yuko karibu yangu, masikio wazi! Nikajibu kwa sauti ya furaha kwamba mito ipo, mama, ipo mingi huku, huu ulio mbele yetu unaitwa Demer. Akarudia polepole: mito, Papa Myriam, mito ya kulalia. Nikasema ndiyo, mama, mpana kabisa, na una bata. Akakata.

Tulikuta kibanda cha waendesha baiskeli kando ya mto huo. Banza akafungua mkoba wake unaolia kengele. Sufuria! Jiko dogo la gesi, mwiko, unga, makayabu, yale ya samaki wa chumvi, yaliyopikwa na kufungwa vizuri, pilipili kwenye chupa. Mtu huyu amebeba jiko zima kilimani, kwa sababu, alivyosema, chakula cha Baflama, yaani Waflandri, hakina chumvi. Akasonga ugali, ambao yeye anauita bukari. Alinimegea tonge la kwanza mimi kabla yake.

Tukala. Mvua ikakatika kama mtu aliyefunga bomba. Na jua likaingia bondeni kwa pembeni, chini ya mawingu.

Sijui kuandika mwanga. Najua tu kwamba majani yote yalikuwa na moto bila kuungua, na mto ukawa wa shaba, na korongo mmoja wa kijivu alisimama majini bila kujali kwamba yuko peponi. Juu, mbali, vilima vya mizabibu vilitokea kimoja nyuma ya kingine, na juu ya kile cha mwisho kabisa kuba, ndogo kama kidole gumba, inametameta. Banza alisema ile ni Montaigu. Baflama wanaiita Scherpenheuvel. Kesho tutafika pale.

Hatungeyaona hayo kama ningesoma namba sawasawa. Nilimwambia Banza kwamba ndiyo maana ya njia ya mandhari. Alinitazama. Akaniongezea samaki.

Jumamosi, 21 Septemba. Scherpenheuvel.

Mkoba haukukauka. Nadhani umeongeza uzito usiku, kwa chuki.

Mpango ulikuwa leo Banza awe hoi. Kuna mtu alikuwa hoi kweli, ila hakuwa Banza. Kisigino cha kushoto kina lengelenge kubwa kama zabibu, cha kulia kina shada zima. Njia inapanda katikati ya miti ya matofaa, halafu mizabibu, halafu inapanda tena. Nilijitahidi. Nilimweleza Banza kwamba watu wa milimani huchechemea kwa makusudi, kupumzisha mguu mmoja mmoja. Karibu na kilele nilikaa juu ya jiwe, nikasema nastaajabia mandhari. Nilikuwa nimeangalia ukuta wa banda la kuku.

Bila neno, Banza akaja akanivua mkoba. Nikapinga. Akauvaa mbele, kifuani, wake ukiwa mgongoni, akaendelea kupanda kama mama mwenye mapacha.

Tatizo ni zipu. Ilikuwa imeachia kwa ule unyevu, na mto mmoja ulikuwa umepasuka. Kwanza ulitoka unyoya mmoja. Kisha kadhaa. Mji ulipoanza, wenye maduka ya mishumaa na mahujaji wa Jumamosi, Banza alikuwa anatembea mbele, jasho linamtiririka, na nyuma yake manyoya meupe yanaelea polepole hewani na kutua njiani. Watu walimpisha. Bibi mmoja wa Kiflandri aliokota unyoya, akautazama, akatazama mbinguni, akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuja nyuma ninachechemea, natazama pembeni kama mtu asiyehusika.

Na kisha basilika. Imesimama juu kabisa, mji mzima umeizunguka, haina mbele wala nyuma, ina pande saba, na kuba yake imepigwa nyota za dhahabu, nyota mchana kweupe! Nimekulia chini ya kanisa kuu Bukavu, si mshamba wa makanisa. Lakini nilisimama mdomo wazi. Nilifikiri: kuna watu waliobeba mawe haya hadi huku juu. Na mimi nimeshindwa na mito.

Ndani ni giza la asali. Mishumaa mingi mno, joto lake unalisikia usoni. Banza aliweka mikoba yote chini, akawasha mmoja, akapiga magoti.

Nilijua huu ndio wakati. Amechoka, moyo wake umelainika. Nilikuwa nimeitunga hata sentensi ya kwanza. Nikasogea, nikapiga magoti kando yake, nikakohoa.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. Alisema mke wake, Mama Nday, alikuwa anakuja hapa kila mwaka na basi la parokia. Kila mwaka alimwomba aje naye. Kila mwaka yeye alikuwa na kazi, au mpira kwenye televisheni. Halafu Mama Nday akafa. Leo ndiyo mara yake ya kwanza, na amekuja kwa miguu, ili Nday ajue kwamba hakupanda basi.

Sentensi yangu nikaiacha. Niliangalia mshumaa. Ulianza kuwa na miale mingi, kama inavyokuwa macho yakiloa.

"Papa Donat," akasema, "minaomba kitu. Ile neno ya mariage, sema weye."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Miye mbele ya bantu kinywa inafungika. Nday njo alikuwa anasema kwa ajili yetu. Siku ile kwako nilikatala juu ya aibu tu. Sema weye. Na jina yake utaye, basi, inatosha."

Mwanamume mwenye akili angemkumbatia. Mimi nilisema nitatafakari. Nitatafakari! Mdomo huu ni adui yangu, nimemlisha miaka yote. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akasubiri. Mishumaa ikaendelea kuwaka. Nikasema nimeshatafakari, ndiyo, papa, nitalitaja jina lake kwanza, kabla ya la mtu yeyote. Akanishika mkono na hakuuachia mpaka kwaya ilipoanza.

Jioni. Nimelala kitandani nyumba ya wageni, miguu kama mikate. Banza aliingia na beseni la maji ya chumvi. Aliiosha miguu yangu. Nilimkataza, hakusikia. Alipomaliza alikwenda kwenye mkoba wangu, akafungua bila kuuliza, akatoa mto mmoja mmoja, akaipanga juu ya kipasha joto ikauke. Ule uliokauka kuliko yote alikuja nao, akauweka taratibu chini ya visigino vyangu.

Hakuuliza. Hakutabasamu hata. Akazima taa ya kwake, akasema bon, lala salama.

Afadhali angenitukana.

Jumapili, 22 Septemba. Diest, tunasubiri treni.

Tumeshuka kilima taratibu, mikono imeshikana, kwa sababu ya visigino. Hapa Diest kuna mtaa wa kale walimokuwa wakiishi wanawake wa dini, nyumba ndogo za matofali, milango ya chini, mawe ya barabarani yamelambwa na miguu ya watu wa karne zote. Kimya kile! Banza na mimi tulijikuta tunanong'ona. Tulikaa kwenye benchi, tukala matofaa ya njiani. Alinisimulia migodi ya Likasi, mimi nikamsimulia ziwa. Kiswahili chake ukikizoea si kibaya. Kina mwendo.

Tumempigia Myriam pamoja, nyuso zote mbili ndani ya simu. Alilia tena, lakini kilio kingine. Noé alikuwa anaruka nyuma yake kama mtu aliyefunga bao. Halafu Lucienne akaichukua ile simu, akaitazama sura yangu, akauliza neno moja tu. Nikamwambia inakauka.

Jumanne, 24 Septemba. Anderlecht.

Papa Banza amekuja kumwamkia Lucienne. Alikula vizuri, samaki wa moto safari hii. Tumecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Alipoondoka nilimsindikiza hadi metro, tukakumbatiana mbele ya watu.

Lucienne ameniuliza nimejifunza nini katika safari. Swali zuri. Nimelikalia jioni yote. Nilitaka neno, nimelipata neno. Kwa hiyo nimejifunza kwamba mipango yangu hufaulu, ila ina taratibu zake.

Kuna jambo dogo tu. Akiwa anavaa koti, mlangoni, Banza alisema kwa furaha kabisa kwamba kwao mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume. Banza mudogo, alisema, akanipiga bega, akaenda zake.

Banza mudogo!

Mtoto hajatungwa, harusi bado, na tayari ana jina la Likasi! Ataitwa Donat. Ni jina la neema, linatamkika kwa lugha zote. Lakini sitagombana. Nimebadilika. Nitatumia busara.

Nimesoma kwamba huko Ardennes kuna milima halisi. Miinuko mirefu, misitu mizito, mto wa kuvuka kwa mawe, wiki nzima bila kukutana na mtu. Binadamu akishavuka mto baridi mara kadhaa, jina la mjukuu huwa si jambo la kufa nalo.

Nimempigia simu sasa hivi. Amekubali hata kabla sijamaliza sentensi, akasema amekwisha kuanza kulowesha maharage.

Hajui yanayomngoja.